Sakafu Ilikuwa Safi

Kila siku Sista Selpha alikuwa wa kwanza kufika kazini. Aliondoka nyumbani kwake Kitengela kabla mumewe hajamaliza chai. Kufikia saa moja na nusu asubuhi, alikuwa amefungua mlango wa dispensari ndogo nje ya mji wa Isinya. Yeye ndiye aliyekuwa muuguzi msimamizi. Alipima, alidunga, alizalisha, aliandika. Akina mama walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na hakubagua mgonjwa.

Alikuwa na wenzake wawili tu. Lennox alikuwa muuguzi, mwaka wake wa pili kazini. Mutindi alikuwa mama wa makamo, mtu wa usafi, asiye na maneno mengi.

Siku moja Mutindi alimwambia Selpha kwamba mtoto fulani kwenye foleni alikuwa akihema vibaya. Wagonjwa arobaini walikuwa wakingoja. Selpha alijibu bila kumtazama, "Mutindi, kazi yako ni sakafu. Wagonjwa niachie mimi."

Mutindi alichukua ndoo yake akaenda. Kufikia mchana, Selpha alikuwa amelisahau neno hilo.

Jumanne ya wiki iliyofuata, mwaka wa 2003, mama aitwaye Faysa alijifungua mtoto wa kike katika dispensari hiyo. Elmi, mumewe, mfanyabiashara wa mbuzi, alisimama mlangoni akimshukuru Mungu. Selpha alimdunga Faysa sindano ya kukaza mji wa mimba, akamfunika shuka, akarudi kwenye foleni.

Baada ya nusu saa alichungulia kutoka mlangoni. Faysa alikuwa amefumba macho. Sakafu ilikuwa inang'aa.

"Amelala," Selpha alijiambia, akapita.

Muda mfupi baadaye Elmi alimjia mbio. "Sista! Mke wangu namwita hajibu!"

Selpha alifunua shuka. Godoro lilikuwa limelowa damu. Mikono ya Faysa ilikuwa baridi.

"Mtu alete dripu!" alipaza sauti, huku akisugua tumbo la mgonjwa. "Mtu apige simu, gari likuje!"

Lennox alikimbia. Mutindi alikimbia. Walirudi pamoja, kila mmoja ameshika chupa ya dripu. Selpha na Lennox walitafuta mshipa, wakaupata kwa taabu, wakaongeza sindano. Dakika kumi zikapita.

"Gari limefika wapi?" Selpha aliuliza.

"Si Mutindi alipiga?" alisema Lennox.

"Mimi? Nilijua ni wewe."

Walitazamana. Hakuna aliyepiga.

"Wallahi!" Elmi alishika kichwa. "Watu watatu, na hakuna hata mmoja?"

Alitoka nje akasimama katikati ya barabara, mikono juu, mpaka pikapu ya shamba la maua ikasimama. Selpha aliketi nyuma na Faysa mpaka hospitali kubwa ya Kajiado. Faysa aliongezwa damu chupa mbili. Akapona. Lakini daktari alimvuta Selpha kando. "Mngechelewa nusu saa tu, sista, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

Kesho yake Selpha alisimama katika chumba cha uzazi. Kitu kimoja kilikuwa kimemnyima usingizi.

"Mutindi," aliita. "Damu yote ile ilienda wapi? Mbona nilikuta sakafu iko safi?"

"Nilipiga deki, Sista. Mara mbili."

Selpha alimgeukia. "Uliona damu?"

"Niliona. Ilikuwa inatiririka kutoka kwa kitanda."

"Na hukuniambia?"

Mutindi aliangalia miguu yake. "Uliniambia kazi yangu ni sakafu."

Selpha aliketi kwenye kitanda. Alitaka kukasirika, lakini hakumpata wa kumkasirikia.

Alhamisi alikuja Phylis, muuguzi mkuu wa wilaya. Selpha alimweleza yote, hakuficha. Alingoja kugombezwa. Phylis alimmiminia chai.

"Selpha, uliposema 'mtu alete', ulimwambia nani?"

Selpha alifikiri. "Wote."

"Wote. Ndiyo maana dripu zilikuja mbili na gari halikuja. Taja jina. Sema kazi moja. Naye arudie ulichosema, ujue amesikia. Na kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, simameni dakika kumi. Kila mtu aseme alichoona. Mutindi aanze."

"Mutindi hajasomea uuguzi."

"Kuona damu kunahitaji cheti gani?"

Selpha aliweka kikombe chini. Kisha akauliza, "Na akinionya bure? Kama amekosea?"

"Mshukuru vilevile. Ukimfokea leo, kesho atanyamaza. Hujui kesho italeta nini."

Siku hiyo hiyo Selpha alimwomba Mutindi msamaha mbele ya Lennox.

"Sista ameomba msamaha?" Lennox alicheka. "Leo hata mvua itanyesha Isinya!"

Haikuwa rahisi. Asubuhi ya kwanza Mutindi alisema tu, "Mimi sina neno." Wiki ya pili alisema gurudumu la kitanda kimoja limevunjika. Selpha alimshukuru, akalirekebisha. Wiki ya tatu alisema mambo manne.

Miezi mitatu ikapita. Ilikuwa msimu wa malaria, na chumba kilijaa akina mama. Lorine, mama mmoja wa Kitengela, alirudi kutoka chooni, akamchukua mwanawe kwa dada yake kabla hawajasemezana, akamkabidhi Selpha. Sindano ya malaria ilikuwa tayari. Selpha alipangusa paja la mtoto kwa spiriti.

"Sista, simama kidogo."

Vichwa viligeuka. Alikuwa Mutindi, ufagio mkononi.

"Huyo mtoto Lennox amemdunga sasa hivi. Alikuwa na mama yake mdogo."

Uso wa Selpha ulichemka. Wanawake wote walikuwa wakimtazama. Aligeuza paja lile jingine. Alama ya sindano ilikuwa pale, bado mbichi. Dozi mbili za dawa ile zingemdhuru vibaya mtoto mdogo hivyo.

Lorine alishika mdomo. Selpha aliweka sindano kwenye trei.

"Asante, Mutindi," alisema, na foleni yote ilisikia. "Tungemuumiza mtoto wa watu."

Mutindi aliitikia kwa kichwa. Kisha aliegemeza ufagio ukutani, akaenda mpaka kwenye meza ya Lennox.

"Lennox, ukishadunga mtoto, andika kwa kadi hapo hapo, kabla hujaita mwingine."

Lennox alichukua kalamu. "Naandika kwa kadi hapo hapo, mama, kabla sijaita mwingine."