Pumzi ya Kisilu

Mutindi alikuwa jirani yetu kule Kyuso, na haya yalimpata mwaka wa sabini na nane, ndengu zilipozaa vizuri. Siku hiyo alikuwa uani akipepeta. Mumewe, Kisilu, amelala ndani baada ya chakula cha mchana, anakoroma mpaka mabati yanatetemeka.

Kisilu alikuwa mwashi, mtu wa kifua, kabla kiharusi hakijamuua upande mzima wa kushoto. Tangu hapo usingizi wake ukabadilika. Anakoroma, halafu kimya. Kifua hakipandi, midomo inabadilika rangi. Kisha anashtuka akivuta hewa kama mtu aliyeopolewa majini.

Kasyoka, dada ya Kisilu, aliyekaa nao, alikuwa na jibu lake.

"Ananyongwa," alimnong'oneza Mutindi. "Ametupiwa kitu. Akishikwa hivyo usimguse, kitakuhamia wewe. Tumlete mganga."

"Mganga haingii hapa, wifi."

Nesi wa misheni alikuwa amemweleza: kiharusi kiliumiza ubongo, sasa akilala unasahau kumwambia apumue, na koo linalegea, linaziba. Amlaze kwa ubavu, na pumzi ikikatika amgeuze upesi. Mutindi alilishika neno hilo kama amri ya Mungu.

Pale uani, mkoromo ukakatika.

Mutindi akasimamisha ungo. Akangoja ule mshtuko.

Haukuja.

Akautupa ungo, akakimbia. Kasyoka alikuwa ametangulia mlangoni, uso umempauka.

"Usiingie, Mutindi. Hayuko peke yake."

"Basi nitawakuta wote wawili." Akamsukuma, akapita.

Nje jua lilikuwa linachoma. Ndani kulikuwa na baridi. Kisilu alikuwa amelala chali, ilhali Mutindi alikuwa amemlaza kwa ubavu kwa mikono yake mwenyewe. Kisilu hakuweza kujigeuza.

Akamshika bega, akavuta. Hakusogea. Mwanamume aliyekonda vile, ambaye kila siku alimgeuza bila shida. Akavuta tena.

Kitu kikavuta upande wa pili.

Nywele zikamsimama. Mikono haikuachia.

"Sikia," alisema polepole, akitazama juu ya kifua cha mumewe, mahali pasipo na mtu. "Kiharusi kilichukua nusu. Nusu iliyobaki ni yangu. Ukitaka kunihamia, njoo. Niko hapa."

Akapanda kitandani, akakanyaga ukuta kwa miguu miwili, akavuta kwa mwili mzima.

Uzito ukaachia ghafla. Kisilu akageuka, akavuta hewa kwa kishindo, akakohoa, akafumbua macho.

"Mutindi," akasema kwa ulimi mzito. "Nani alikuwa ananipumulia usoni?"

Mutindi alimfuta mate, akamwekea mto mgongoni asirudi chali.

Walipolitoa godoro kulianika, Kasyoka ndiye aliyeona. Mashimo mawili ya magoti, moja kila upande wa pale kifua kilipokuwa. Madogo, kama ya mtoto. Wakalipiga fimbo, wakaivuruga pamba. Hayakufutika.

"Tulichome," Kasyoka akanong'ona.

"Halafu nilalie nini?"

Mutindi akalirudisha kitandani. Usiku akalala palepale juu ya mashimo, mkono wake kifuani mwa Kisilu. Kisilu aliishi mpaka akaozesha binti zake, akafa macho wazi, mchana, akiongea na wageni.

Godoro lile nililiona mwaka juzi. Mashimo yapo, ila si ya mtoto tena. Yamekua.

Mutindi bado analala juu yake.