Doa Baridi Kando ya Korbinian

Korbinian na mkewe waliporudi kutoka kondeni alfajiri ile, mke alinusa maziwa kwenye koti la mumewe. Si maziwa ya ng'ombe; hayo kijijini kwetu yananuka kila mahali, hata kanisani. Yalikuwa maziwa ya mama, na Resi, aliyekuwa ananyonyesha mwezi wa saba sasa, hangeweza kukosea. Harufu ilikaa kwenye kola, imechanganyika na ubaridi wa majani yaliyolowa na udongo wa shimoni. Tena hayakuwa maziwa yake. Mwanamke anayajua ya kwake.

"Ulikuwa na nani kule chini?"

"Na paa wawili," Korbinian alijibu huku akivua buti. "Mmoja kaninyea. Nikutajie majina yao?"

Resi hakucheka. Alilitundika koti nje, barazani, akaenda kumnyonyesha Afra, binti yao.

Kazi yao hiyo ya Juni haina mshahara. Kabla wakulima hawajaingiza matrekta kukata majani, watoto wa paa wako humo ndani wamelala, na desturi yao ni kutojitikisa hata mashine ikiwafikia, nayo huwakata miguu. Basi saa tisa usiku, ardhi ikiwa bado baridi, Resi hurusha droni yenye kamera ya joto kutoka kando ya gari. Kwenye skrini chenye joto huonekana cheupe, na kilicho baridi huonekana cheusi. Akiona doa jeupe humwelekeza Korbinian kwa redio ya mkononi, naye humbeba yule mtoto hadi ukingoni mwa msitu na kumfunika kwa kreti mpaka trekta lipite. Ila hambebi hivi hivi. Huvaa glavu na kushika fungu la majani kila mkono, kwa maana mtoto wa paa akishanuka binadamu, mama yake humnusa mara moja, akageuka, akaenda zake. Hapo mtoto amekwisha.

Sasa, Resi alikuwa na wivu. Sisemi kwa kumsengenya, mwenyewe alikuwa akijitangaza. Mwaka juzi kwenye dansi ya kanivali alimmwagia mwanamke wa kijiji cha pili glasi nzima ya bia, kosa lake likiwa kumfunga Korbinian tai vizuri kupita kiasi. Korbinian, fundi bomba, mpole, mwenye shingo nene na masihara mengi, alilichukulia jambo hilo kama heshima. Alipenda kuonewa wivu. Wanaume wengine ndivyo walivyo.

Siku mbili baadaye walikwenda tena kwenye konde la chini, lile la mkulima Gstettner linaloteremka hadi kijitoni. Afra alikuwa amelala garini. Droni ilipaa na taa yake ya kijani, ikawa inavuma juu kama nyuki aliyefungiwa chupani, na Resi akaanza kusoma skrini. Mumewe alionekana vizuri, mtu mweupe akipita katikati ya majani ya kijivu. Mtoto wa paa mmoja alikuwa upande wa kulia.

Kando ya Korbinian palikuwa na doa jeusi.

Alidhani ni jiwe. Korbinian alipiga hatua kumi, doa likapiga hatua kumi.

"Korbinian," alinong'ona redioni. "Uko peke yako?"

"Niko na mbu."

"Sifanyi mzaha. Nani yuko kushoto kwako?"

Sauti yake ikaja, nzito, ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Hakuna mtu, Resi."

Resi alishusha droni kidogo, na doa likapata kichwa, likapata mabega na gauni refu lililofagia majani bila kuyalaza, na mkono wake mweusi ulikuwa umeushika mkono mweupe wa Korbinian, vidole kwa vidole, kama wachumba wanavyotembea Jumapili baada ya misa. Mtu mwenye akili angekimbia. Resi alipandwa na hasira. Kwa muda mzima ule akili yake haikwenda kwa majini, ilikwenda kwa yule mwanamke wa kijiji cha pili, na alikuwa ameshafungua mdomo amtukane ndipo alipokumbuka kwamba mtu aliye hai huonekana mweupe. Yule alikuwa mweusi kuliko maji ya kijito. Na alipokuwa analiwaza hilo, doa liliinua kichwa, polepole, likaitazama droni moja kwa moja, na redioni, karibu sana na kipaza sauti, ikasikika sauti ya ulimi unaolamba.

Nyumbani waligombana kwa kunong'ona, ili wasimwamshe mtoto. Hata hivyo Afra aliamka. Korbinian alimnyanyua kama kawaida yake, na mtoto, ambaye kwa baba yake hucheka mpaka akapata kwikwi, alinusa shingo yake, akakakamaa mwili mzima, akapiga ukelele.

"Umeona?" Resi alimpokonya. "Hata mtoto anakukataa! Sema, ni nani?"

Korbinian alikaa juu ya ngazi, mikono ikimning'inia.

"Juzi," alisema, "ulipokuwa unabadilisha betri, nilisikia mtoto analia kule kijitoni. Si paa, Resi. Mtoto, kama Afra. Nikakimbia. Glavu zilikuwa zimelowa, nilishazivua. Nikaona kitu kimejikunja kwenye majani, nikakinyanyua mikono mitupu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kilikuwa baridi, na kizito kama mtu mzima. Kikanilamba mkono, kikanilamba na shingo. Halafu nikajikuta nimeshika majani tu." Aliinua macho. "Nilidhani ni usingizi. Niliona haya kukwambia."

Resi alisikia kila neno, lakini lililomchoma ni lile la kulambwa shingo. Alimtupia blanketi. "Kalale kwenye sofa."

Asubuhi alikwenda kwa Bi Zenzi. Huyu ni bibi wa miaka themanini na moja anayewaombea watu wenye mkanda wa jeshi na walioungua moto. Daktari wetu mwenyewe huwatuma wagonjwa kwake kimyakimya. Alikuwa akimenya viazi, na hakuacha kumenya mpaka Resi alipofika penye kulamba. Hapo kisu kilisimama.

"Amelala wapi?"

"Kwenye sofa. Nilimfukuza."

"Mungu wangu, mwanangu."

Alifunga mlango wa jikoni, akafunga na dirisha, ingawa kulikuwa na joto.

"Bibi yangu alimwita Shangazi wa Konde," alisema kwa sauti ya chini. "Hana mume, hana mtoto, na hawezi kumwona mwenye nao akatulia. Ana wivu huyo, hata wewe humfikii."

"Mimi?" Resi alisema. "Anifikie yeye kwanza."

"Nyamaza unisikilize. Paa akizaa humlamba mtoto wake, amjue kwa harufu. Na huyu kamlamba mumeo. Lakini mtu mwenye mwenyewe hawezi kumchukua. Anangoja umnuse, uchukie, umsukume. Kazi yake unamfanyia wewe! Leo alale kitandani kwako, ngozi kwa ngozi, na usigeuze uso hata anuke nini. Siku tatu. Atachoka ataondoka."

Resi aliahidi, na kweli alijaribu. Usiku alimwita Korbinian, akamkumbatia, akafumba macho. Harufu ilikuwa imezidi. Ilikuwa ndani ya nywele zake na chini ya kucha, maziwa ya mwanamke mwingine, tamu, baridi, na kila Resi alipovuta pumzi alimwona yule mwenye gauni akipitisha ulimi pale ambapo yeye ndiye hulaza kichwa. Alivumilia saa moja. Akaweka mto katikati yao. Alivumilia nusu saa nyingine.

"Siwezi," alisema akilia. "Nenda tu kwenye sofa. Kesho nitaweza."

Korbinian aliondoka bila hata mzaha mmoja.

Saa nane usiku Resi aliamshwa na mlio wa paa. Paa wa kwetu hubweka, sauti kavu kama mbwa mwenye kikohozi, na yule alikuwa akibwekea bustanini, chini ya dirisha. Sofa ilikuwa tupu. Mlango ulikuwa wazi, buti za Korbinian ziko pale pale, na kwenye vigae kulikuwa na majani mabichi yaliyolowa.

Alimbeba Afra, akampitia Bi Zenzi, wakafika konde la chini bila kusemezana. Majani ya Gstettner yalikuwa yamefika kifuani, ekari thelathini, na giza lilikuwa zito. Kuita ilikuwa kazi bure. Resi alirusha droni, akapita juu ya konde mstari kwa mstari, akakuta sungura, akakuta paa jike amesimama, na mwishowe, karibu kabisa na kijito, akamkuta mumewe, amelala chali, miguu mitupu, na juu yake kumeinama kile cheusi, kichwa kikienda juu na chini, juu na chini, kikimlamba, na kila kilipopita, weupe wa Korbinian ulipungua, mkono ukawa wa kijivu, bega likawa la kijivu, mpaka ukabaki weupe wa kifua peke yake, mdogo, unaofifia kama kaa la moto linaloachwa.

"Mshike mtoto," Resi alimwambia Bi Zenzi.

Aliiacha droni isimame angani juu ya mumewe na taa yake ya kijani, akaingia kwenye majani akiifuata taa ile, akikimbia, akianguka, umande ukimlowesha mpaka kifuani, na kadiri alivyokaribia ndivyo harufu ilivyozidi hata ikawa kama kuinywa, na alipobakiza hatua chache betri ya droni ikakaribia kwisha, taa ikageuka, ikajirudia zake garini kama ilivyofundishwa, ikamwacha gizani na pumzi zake na ile sauti ya ulimi.

Ulimi ukanyamaza.

Resi alipapasa akampata Korbinian. Alikuwa baridi kama bomba. Alirarua vifungo vya shati lake na vya kwake, akamlalia kifua kwa kifua, akazika uso shingoni mwake, pale pale palipolambwa.

"Mwache," sauti ilisema. Ilitokea chini, kimo cha goti, sauti ya kike, ya upole. "Si ulimfukuza?"

"Nilimfukuza aende sofani, si kwako!"

"Ananuka mimi."

"Ni wangu. Tafuta wako, mwanamke usiye na hata joto la kumfunika mtu!"

"Nimemlamba mwili mzima. Kila utakapolala naye utaninusa. Utaweza, Resi? Usiku huu hukuweza."

Wivu ulimpanda Resi na hofu ikaushusha, na kati ya hivyo viwili akamkaza mumewe kwa nguvu zote na kusema neno la kwanza lililomjia.

"Basi na mimi nitanuka wewe! Tutanuka sote, uone kama nitamwachia!"

Majani yalitulia. Hata kijito, aliapa baadaye, kilinyamaza. Kisha kitu baridi, kipana na chenye kukwaruza kilimgusa chini ya sikio, kikapita taratibu shavuni, kikashuka shingoni, kikaingia ndani ya shati lililo wazi hadi kifuani, kwanza ziwa la kushoto, kisha la kulia, bila haraka yoyote. Hakugeuka. Alisali mpaka maneno yakamwishia, akaanza upya.

Mwanga ulipoanza kupasuka juu ya msitu, Korbinian alikohoa.

"Resi," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Unanivunja mbavu."

Alikuwa na joto. Resi alimbusu usoni kote, akamnusa shingo, akamnusa nywele, na hakusikia chochote ila jasho na sabuni yao ya nyumbani. Alilia kwa furaha, akacheka, akampiga kibao cha mapenzi. Walipanda mteremko wameshikana kiuno, na kule juu Bi Zenzi alikuwa amesimama kando ya gari na Afra mikononi. Mtoto alipomwona baba yake alirusha miguu akicheka. Korbinian alimchukua, akamnusa, akanuswa, na Afra akamng'ang'ania sikio kama zamani.

"Amekwenda," Korbinian alisema. "Bi Zenzi, amekwenda!"

"Nipe, ana njaa," Resi alisema. Maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka yanauma.

Alikaa kwenye kiti cha gari, akafungua shati, akamleta mtoto kifuani. Afra alifungua mdomo. Akanusa. Alikakamaa kuanzia shingo hadi vidole vya miguu, akamsukuma mama yake kwa viganja viwili, akapiga ukelele uliowarusha ndege mitini.

"Afra. Ni mimi. Afra, ni mama."

Bi Zenzi alirudi nyuma hatua moja, akajifunika pua kwa ncha ya kitambaa chake.

"Resi," alinong'ona. "Amekulamba wapi?"

Resi aliweka kiganja kifuani. Mtoto alikuwa amenyamaza ghafla. Alikuwa akitazama juu ya bega la mama yake, kule chini kondeni, macho yamemtulia, na huku amenyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye majani, kama anavyomnyooshea mama yake, midomo yake midogo ilianza kunyonya.