Foleni Inaanzia Kule

"Foleni inaanzia kule, kaka."

Binti alisema hivyo bila kuinua kichwa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi na ukumbi wa mapokezi wa hospitali umefurika. Akina mama wamebeba watoto, mtu anakohoa huku, mwingine anagombana na mlinzi kule, na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu inachoma pua. Yeye alikuwa amekaa kwenye meza ya mbele, anachagua watoto waliozidiwa waingie kwanza. Aliyeambiwa maneno hayo alikuwa kijana mrefu, shati la bluu limepigwa pasi mpaka mikono ina mistari, anaburuta sanduku la magurudumu. Akaitazama foleni, akamtazama binti, akaenda kusimama nyuma kabisa.

Akapanga foleni kweli. Akasogea polepole na wenzake, akambebea bibi mmoja kikapu, hadi akafika mezani.

"Haya, mgonjwa wako yuko wapi?"

"Sina mgonjwa. Mimi ni daktari mpya, naripoti wodi ya watoto."

Wauguzi wakaangua kicheko.

"Sasa si ungesema tangu mwanzo!"

"Niliambiwa foleni inaanzia kule. Mimi sibishani na bosi."

"Bosi nani? Na mimi daktari mpya, nimeripoti juzijuzi tu."

"Basi umenitangulia. Bosi wangu ni wewe."

Tangu siku ile kijana akamwita binti Bosi, na yeye akaitwa Mgeni. Nami nitawaita hivyohivyo. Mimi ni mama yake Bosi, fundi cherehani, na shule yangu iliishia ya msingi. Haya mengine aliniambia mwenyewe, mengine nimeyapata kwa wauguzi, na palipobaki wazi nimejaza, kwa sababu namjua mtoto niliyemzaa. Nawaandikia wenye mabinti.

Walipendana wodini, katikati ya vilio vya watoto. Koti jeupe la Bosi nililishona mimi, nikalitia mifuko mirefu, maana alikuwa anaweka biskuti za kuwabembeleza wagonjwa wake. Mgeni akawa anaziiba.

"We Mgeni! Hiyo ni dawa ya watoto."

"Na mimi naumwa, Bosi."

"Wapi?"

"Hapa." Akajishika kifua.

"Hapo ni mapafu. Nenda kapige picha."

"Picha itatoka na sura yako, halafu mtu wa eksirei ataniuliza huyu nani."

Binti yangu akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Hata kwenye simu nilikuwa nasikia anavyoziba.

"Mama, kuna mtu."

"Mtu gani? Ana mke?"

"Mama, jamani!"

"Nakuuliza. Ana mke?"

"Hana. Ana shangazi tu, ndiye aliyemlea."

Nikacheka naye, lakini simu ilipokatika nikaanza kuwaza. Ndivyo nilivyo.

Sasa nieleze jambo la ruhusa, kwa sababu ndilo lililotuumiza. Nilivyoelezwa, daktari wa serikali akishathibitishwa kazini na akautumikia muda wake, ana haki ya kwenda kusomea ubingwa. Mshahara unaendelea, na kazi yake inamsubiri. Lakini wodi haiwezi kubaki tupu. Kwa hiyo pale kwao mkuu wa idara alikuwa anamwachia mmoja tu, akirudi ndipo aende mwingine, na aliyeripoti mapema ndiye anayetangulia. Saini ya mkuu wa idara isipokuwepo, hakuna kwenda.

Bosi na Mgeni walipata nafasi chuoni mwaka mmoja, wote wawili za ubingwa wa magonjwa ya watoto. Mkuu wao, mama mtu mzima waliyemwita Mama Bingwa, miwani yake ikining'inia kifuani kwa uzi, akawaita ofisini.

"Haki mnayo nyote," akasema. "Ila wodi siwezi kuifunga. Mmoja aende, mwingine abaki tuhangaike wote. Bosi ndiye aliyetangulia. Zamu ni yake."

Wakateremka ngazi, wakaenda kunywa chai. Kantini, Mgeni akakoroga chai ambayo hata hakuitia sukari.

"Mbona umenuna, mpenzi?"

"Sijanuna."

"Mdomo huo mtu anaweza kutundika koti."

Hakucheka. "Bosi, fikiria. Wewe unarudi bingwa, mimi bado daktari wa kawaida, halafu ndiyo nikuoe? Shangazi atasema nimeolewa."

"Kwani shangazi ndiye anayeoa?"

"Natania. Lakini nisikilize." Akamshika mkono juu ya meza. "Nitangulie mimi. Nikirudi, Mama Bingwa atakuwa anastaafu, nami nitakuwa na sauti pale. Nikiripoti asubuhi, jioni wewe unafunga sanduku. Harusi tunafanya kabla hujaondoka. Nani atakuzuia? Mimi?"

Akamtazama kwa macho yale. Mimi nimeyaona macho yale, ni mazuri kweli, siwezi kumsingizia. Jioni ile binti akapiga simu.

"Mama, nimempisha."

"Umempisha nini?"

"Zamu. Aende yeye kwanza."

Mkasi ukaniponyoka. "Mwanangu, mtu anampisha mwenzake kiti kwenye basi. Masomo unampishaje?"

"Mama, tunaoana. Chake si changu?"

"Huo ubingwa wake utauvaa wewe?"

"Wewe nawe una wasiwasi na kila kitu. Hata mvua ikinyesha unanipigia."

Kweli napiga. Nikaokota mkasi wangu.

Hata Mama Bingwa alimkalisha chini. "Ukipisha leo, kesho utaomba upya kama mtu mwingine yeyote. Na atakayekuwa kwenye kiti hiki ndiye atakayeamua. Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Mgeni akaondoka na lile sanduku la magurudumu. Mwanzoni simu zilikuwa hazikatiki.

"Bosi, umekula?"

"Nimekula. Wewe umesoma?"

"Nasoma, lakini kila ukurasa una macho yako."

"Basi utafeli."

Huku nyuma Bosi akabaki na Mama Bingwa, wanafanya kazi ya watu watatu. Alikuja kunisalimia siku moja, nikamvua viatu mwenyewe. Miguu ilikuwa imevimba kama ya mjamzito. Koti nililomshonea likawa linamning'inia, nikalipunguza mabegani. Baadaye nikalipunguza tena.

Kisha simu zikapungua. Siku moja akapiga, akapokea mwanamke. "Yuko kwa wagonjwa. Nimwambie nani?"

Bosi akakata. Mgeni akapiga mpaka akachoka, hapokelewi. Mwisho akapanda basi, akatokea mlangoni kwa Bosi, shati limekunjamana kama limetafunwa na mbuzi.

"Yule ni mwanafunzi mwenzangu, Bosi. Ana mume na watoto. Tukiingia kwa wagonjwa simu zetu zote tunaziacha meza moja."

"Na wewe yako ndiyo ipokelewe?"

"Ilikuwa inapiga kelele kama mwenyewe anayepiga."

Bosi akampiga kofi la bega, halafu akalia, halafu wakakumbatiana pale mlangoni. Aliponisimulia nikashusha pumzi. Muda wote ule nilikuwa naogopa mwanamke. Kumbe nilikuwa naogopa upande usio na hatari.

Mgeni alirudi bingwa. Alikuja kwangu na suti ya kijivu, viatu vinang'aa, miwani mipya usoni, akaniletea kitambaa cheupe cha kuteleza. "Mama, kata gauni la harusi." Nikakipitisha vidoleni, nikafurahi, jamani, nisiseme uongo. Mama Bingwa alikuwa amestaafu, na kiti chake akapewa Mgeni. Wauguzi walipiga vigelegele.

Bosi naye alikuwa ameomba tena chuo, na nafasi akapata. Akaenda ofisini, akagonga mlango kwa madaha.

"Hodi, Mkuu."

"Karibu, mpenzi! Mkuu ya nini tena?"

"Leo nina shida ya kiofisi. Nataka saini yako niondoke."

Mgeni akavua miwani. "Umeiona wodi lakini? Daktari mmoja amehamishwa, mwingine yuko likizo ya uzazi."

"Naiona kila siku. Nilikaa nayo wewe ukiwa hupo."

"Ndiyo maana nasema. Hakuna anayeijua kama wewe. Ukiondoka nabaki na vijana wawili, mshipa wa mtoto wanautafuta mpaka mtoto anaishiwa machozi. Mwakani, Bosi."

"Ulisema ukiripoti asubuhi, jioni nafunga sanduku."

"Wakati ule nilikuwa sijakaa hapa. Ukikaa kwenye kiti hiki unaona mengine."

"Kiti hicho ningekaa mimi. Nilikupisha."

Mgeni akainama. "Watoto watakufa," akasema, na hakuwa anadanganya.

"Na Mama Bingwa alipokuachia wewe, watoto hawakuwepo? Ni haki yangu, kama ilivyokuwa yako."

Hakusaini. Alimfuata mpaka kwenye korido, akamwita majina yote ya mapenzi, lakini kalamu aliiacha mezani. Chuo kikafunguliwa bila binti yangu.

Mgeni akaona amlainishe. Jumatatu moja, ukumbi umefurika kama siku ile, Bosi yuko kwenye meza ileile na mtoto wa homa mapajani, Mgeni akaingia na suti ya kijivu. Wauguzi walikuwa wameshajua, wamejipanga wanatabasamu. Akawapita akina mama wote na watoto wao. Walimpisha, si ni Mkuu. Akafika mezani, akapiga goti, akafungua kikasha.

"Bosi wangu, nioe. Shangazi aseme anavyotaka."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Bosi hakuziba mdomo. Akampapasa yule mtoto kichwani, akamwangalia mwanamume aliyepiga goti.

"Sikukuomba pete," akasema kwa upole. "Nilikuomba saini."

"Bosi, si hapa. Watu..."

"Foleni inaanzia kule, kaka."

Kigelegele kikamfia muuguzi mdomoni. Mgeni akainuka, akajipangusa vumbi la goti. Bosi akamwita mama aliyefuata.

Hajaacha kudai. Amelipeleka suala lake juu, wakamjibu kwamba haki anayo kabisa, wanachosubiri ni maoni ya mkuu wa idara. Mkuu wa idara ni Mgeni. Kila asubuhi wanapita kitanda kwa kitanda pamoja, wanaitana "Daktari". Ninyi wenye mabinti, akipenda mwacheni apende, ampe huyo mtu moyo na biskuti zote za mfukoni. Ila ikifika zamu yake ya kusoma, aende. Mpenzi wa kweli atamkuta mbele.

Wiki iliyopita Mgeni alinipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, nisemee kwa mwenzangu. Nampenda, mama."

"Najua unampenda. Kitambaa chako kipo kabatini, sijakitia mkasi. Msainie aende, baba, halafu mlete shangazi yako tuzungumze."

Nikamsikia anavyohema.

"Nikisaini, wodi nitabaki na nani, mama?"

Nyuma yake mtoto alikuwa analia. Kisha nikasikia miguu inakimbia, na sauti ya binti yangu, imechoka, inambembeleza: "Usilie, nipo. Nipo hapahapa, siendi popote."