Mnywa Betri

Betri ilikuwa imenywewa.

Bilali hakuwa na neno jingine la kulitaja jambo lile. Asubuhi aliipima kwa macho yake, maji yakiwa kwenye mstari wa juu katika vyumba vyote sita. Akaichaji kutwa. Alasiri taa ya chaja ikageuka kijani, akachomoa umeme ukutani, akatoa klipu, akakaza vifuniko kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kuswali magharibi. Kurudi, betri imekufa, maji yameshuka, sahani za risasi zimechomoza kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Na vifuniko vimekazwa vilevile alivyoviacha.

Ilikuwa jioni ya tatu mfululizo.

Wala Bilali hakuwa mtu wa kubahatisha. Kirikuu lake, kigari kidogo cha mizigo, ndilo lililobeba mananasi kutoka Miono hadi Kerege, na Farhan, fundi umeme wa magari pale barabarani, alimfundisha kuchaji nyumbani, naye akazishika sheria kama mtoto wa madrasa anavyoshika alifu na bee. Betri haichajiwi chumbani wala karibu na jiko, kwa sababu hewa inayotoka humo hushika moto. Basi akaiweka stoo ya uani, dirisha wazi, mlango wazi. Vifuniko hulegezwa kwanza. Klipu nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, ndipo chaja ichomekwe ukutani. Sigara marufuku. Chetezo marufuku. Hata mkaa wa pasi ulikatazwa kupita uani.

"Nyumba hii ina mgonjwa mahututi," Najma, mkewe, alimtania. "Mpaka tunatembea kwa vidole."

Najma alikuwa na mimba ya miezi minane na siku kadhaa. Miaka miwili nyuma uchungu ulimshika mchana kweupe, kirikuu likakohoa mara moja likanyamaza, na mpaka majirani walisukume hadi kwenye lami, mtoto alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Bilali hakumzungumzia kamwe mtoto yule. Alizungumzia betri.

Akaipeleka kwa Farhan.

"Nzima hii," Farhan akasema, akitoa kipimo. "Nzima kuliko mwenyewe. We Bilali, unaichaji au unainywa?"

"Farhan, leo sitaki utani."

"Haya, bwana mkubwa. Ongeza maji ya betri, yale ya chupa. Usitie ya bomba, usitie ya kisima, usitie kitu kingine chochote humo. Na uvae miwani, tindikali haijui jina la mtu."

Jioni ya nne Bilali hakwenda msikitini. Aliswali chumbani harakaharaka, akaenda kuketi juu ya ndoo mlangoni mwa stoo, hasira zimemjaa, rungu mapajani, akimsubiri mwizi.

Kwanza ilikuja harufu. Haikuwa ile ya yai viza, ambayo Farhan alimwambia ni dalili ya betri kuchajiwa kupita kiasi, bali harufu tamu, ya maziwa kwenye kanga iliyolaliwa na mtoto mchanga, na harufu hiyo ikapita begani kwake kama mtu anayeomba njia, ikaingia stoo, na kule ndani, katika mwanga ule wa mwisho ambapo hapakuwa na mtu wala paka, akasikia kitu kikigugumia, gudu, gudu, gudu, taratibu, kwa raha, kama mtu aliyefuturu kwa maji baridi, na kupitia ganda jeupe la betri akayaona maji yakishuka, yakishuka, yakishuka, naye rungu limemganda mkononi.

"Bilali!" Najma akaita kutoka ndani, akicheka. "Njoo ushike hapa! Mwanao leo anacheza mpira!"

Kesho yake wakamwita Mwalimu Ausi kutoka Miono, mjomba wake Najma, mwalimu wa madrasa na mtu wa makombe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nionyesheni."

Mzee alisimama kwenye kizingiti cha stoo, hakuingia. Alinusa mara moja, akamvuta Bilali mbali na dirisha la Najma.

"Subiani," akanong'ona. "Jini anayenyonya mimba. Huyu ndiye aliyemchukua yule wa kwanza. Amerudi kumfuata Najma, akakuta njiani kitu chenye tumbo, chenye maji, chenye uhai ndani yake. Kakipenda. Mshukuru Mungu kwa betri hiyo, Bilali. Mwache anywe hapohapo mpaka mkeo ajifungue."

"Na gari, mjomba? Uchungu ukija na gari limekufa?"

"Tafuta gari la mtu."

"La nani? Hata mwaka ule nilitafuta."

Mzee akatia mkono mfukoni. Akampa chupa ndogo ya kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi. "Anywe jioni tatu, theluthi kila jioni. La kwanza linabisha, la pili linaingia, la tatu ndilo linalofunga mlango. Na hili si la gari, unanisikia? Ni la mama."

Jioni ya kwanza Najma akanywa. Ya pili akanywa.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya balaa. Kirikuu lilisukumwa asubuhi, likasukumwa adhuhuri, likazimika kwenye mteremko wa kuingia Kerege na shehena nzima ya mananasi, na vijana wa kijiweni wakamwimbia, "Sukuma, sukuma, gari la punda!" Alirudi nyumbani shati limegandamana na mgongo. Akamkuta Najma amejilaza, anasugua kiuno.

"Kinavuta?" akauliza.

"Kinavuta kidogo. Siyo uchungu. Usinitazame hivyo."

Bilali akatoka uani na chupa mkononi. Huku chumba, huku stoo. Alisimama katikati, akachoka kusimama. Najma mzima, akajiambia. Mtoto anacheza. Mgonjwa ni gari, na mwanangu mwaka ule aliuawa na gari. Ataniambia nini yule mzee, yeye aliyelala Miono, siku nitakayosukuma tena?

Akaitoa betri kwenye kirikuu, akaiweka stoo mahali pake, akafungua vifuniko sita, akagawa kombe lote lililobaki, tone kwa tone, chumba kwa chumba.

Magharibi harufu ikaja. Ikafika mlangoni mwa stoo, ikasimama. Bilali alisikia kama pumzi ikivutwa, kama mtu aliyeunguzwa mdomo na uji. Kisha ikageuka. Maji ndani ya betri hayakushuka hata unywele. Akacheka peke yake. Akaibeba, akaifunga kwenye kirikuu, akawasha taa, ukuta wote ukawa mweupe.

"Bilali." Sauti ya Najma ilikuwa ndogo sana. "Mtoto katulia."

Alipoingia chumbani alikutana na harufu ya maziwa. Najma alikuwa amekaa kitandani, ameshika tumbo kwa mikono miwili, uso umemkauka, na chini ya kanga yake, gudu, gudu, gudu.

Kirikuu likawaka kwa mguso mmoja. Hilo ndilo aliloliomba kwa miaka miwili, na sasa likamchoma kuliko kisu, maana kila alipokanyaga mafuta alisikia kile kitu kikinywa pale kitini kati yake na mkewe, bila haraka, kikijua njia ya hospitali ni ndefu, na Najma alihesabu kwa kunong'ona kila pumzi aliyovuta bila mtoto kupiga teke, ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili, mpaka Bilali akaona taa ya karakana ya Farhan, akapinda usukani, akaruka chini na injini inanguruma.

"Betri iliyojaa! Ipi?"

"Ile ya lori, pale. We, kuna nini? Mbona mnanuka maz..."

Akainyakua. Akakaza vifuniko isimmwagikie, akaiweka sakafuni kati ya miguu ya Najma. "Hii hapa," akasema kwa kukata tamaa, hajui anamwambia nani. "Hii kubwa zaidi. Shuka. Tafadhali, shuka."

Wakasikiliza. Gudu likakoma. Kitambo kirefu. Kisha likaanza tena, chini, miguuni.

Walipofika kwenye geti la hospitali, Najma akamkamata mkono. "Kapiga teke."

Mtoto, Tabia, alizaliwa usiku uleule, akapiga kelele mpaka manesi wakacheka.

Mwalimu Ausi aliandika kombe jipya, na jingine, na jingine. Hayakushika. "Uliuacha mlango wazi," alisema, wala hakugomba, na hilo lilimuumiza Bilali zaidi. "Sasa mlishe."

Tabia ana mwaka na nusu. Kila asubuhi Bilali huweka ile betri ya lori stoo, dirisha wazi, nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, ukuta mwisho. Kila magharibi huiacha humo, mlango wazi, na kesho yake huongeza maji. Amechoka. Hujibizana na stoo kama mtu anavyojibizana na mpangaji asiyehama.

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika saa mbili asubuhi, Kerege nzima. Saa nane haujarudi. Saa kumi akaenda kwa Farhan. Betri zote mezani zilikuwa tupu. Akabaki na ile ya kirikuu, yenye kombe, inayowaka mpaka leo kwa mguso mmoja na ambayo Farhan haachi kuishangaa. Betri pekee iliyojaa, na ndiyo pekee ambayo yule haigusi.

Jua likazama. Mkekani, Tabia aliyekuwa akipiga sufuria kwa kijiko akaacha, akajilaza ubavu. Najma akamwinua. Akamtazama mumewe.

Bilali akaenda stoo. Akaketi mahali pa betri, akaegemea ukuta, akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, mpaka kitovuni. Harufu ya maziwa ikasimama mlangoni.

"Haya, njoo," akasema. "Unashangaa nini? Kata kiu yako upesi, asubuhi nina mzigo Miono."

Baridi ikamgusa tumboni, ndogo kama mdomo wa mtoto.

Ndani ya nyumba, sufuria likaanza kulia tena.