Waliogonga Lango la Magharibi

Kinasamwangwi kilitambaa juu ya ubao wa lango kama kiwavi juu ya jani, kikikwangua rangi nyekundu kwa mwali mwembamba wa nuru. Rangi ikikauka hushika mitetemo ya sauti zilizo karibu, na mashine ile iliirudisha mitetemo kuwa sauti. Ila tabaka likishasomwa huwa vumbi.

Mhandisi Lan Yifei alikuwa amefikia tabaka la mwisho la Lango la Magharibi, katika kasri la kale la wafalme wa China. Matabaka ya juu yalimpa kwato za farasi, kikohozi cha fundi, vicheko vya watumishi. Hili la chini liliyeyuka katika moto wa miaka mia nne iliyopita, likaganda tena na kushika sauti za siku ile.

Kando yake aliketi Mzee Qiao, mlinzi wa lango kama walivyokuwa baba yake na babu yake. Ukoo wao ulijivunia mlinzi wa siku ya moto, aliyefungua lango, akaokoa wajakazi arobaini, akafa yeye.

"Leo utamsikia, Mzee," Lan alisema.

Kwanza ulivuma moto. Kisha yakaja makonde ya kugonga lango, mengi, kutoka ndani. Mwanamke akasema, mdomo karibu kabisa na ubao, "Qiao, tunajua uko hapo. Fungua."

Mwanamume akajibu kutoka nje, "Sijapewa amri."

Makonde yakapungua, moja baada ya jingine. La mwisho lilitoka chini sana, kwenye kimo cha mtoto.

Lan alizima mashine. Tabaka lilikuwa vumbi; rekodi ilibaki tu kwenye kifaa kiganjani mwake.

"Naweza kuifuta, Mzee. Hakuna mwingine aliyesikia."

Mzee Qiao aliuliza, "Yule mama alitaja jina lake mwenyewe?"

"Hapana."

"Rudisha nyuma, mwanangu. Huenda yupo aliyetaja."

Walisikiliza mpaka kivuli cha lango kikavuka ua. Walipata majina matatu. Mzee aliyaandika kwa mkono wake kwenye kibao cha ukumbusho wa moto pale langoni, na mwezi huohuo akakabidhi funguo za lango.

Lan bado anafanya kazi kasrini. Nyumbani kwake hafungi mlango wowote wa ndani. Jirani akibisha hodi kuomba chumvi, pigo la pili humkuta Lan amekwishasimama.