Zawena Anafunga Begi

Kaeni vizuri, msifinyane. Hii ni habari ya Zawena na begi lake.

Zawena ana miaka sita. Anaishi na Mama, Baba na Bibi, kwenye nyumba yenye mlango wa bluu.

Kesho wote wanakwenda msituni, kando ya Mto Luseta. Watatembea sana. Watalala ndani ya hema!

"Gari linaishia kwenye geti la msitu," alisema Mama. "Kutoka pale ni miguu yetu. Kila mtu atabeba begi lake."

"Na atakayeshindwa?" aliuliza Zawena.

"Atabaki kwa Shangazi. Jioni tutajaribu. Kuzunguka nyumba mara tatu, bila kutua mzigo."

Zawena anampenda Shangazi. Lakini kwa Shangazi hakuna hema.

Haraka haraka akaanza kufunga begi. Akatia blanketi. Akatia sweta. Akatia sufuria.

"Na hii ni ya lazima!"

Bibi akachungulia. Bibi na mjukuu ni watani, basi Bibi humwita Zawena mke mwenzake.

"Mke mwenzangu, wewe utalibeba begi, au begi litakubeba wewe?"

"Nitalibeba!" alisema Zawena.

Akatia dumu la maji. Chubwi, chubwi!

"Na hili ni la lazima!"

"Unapeleka maji mtoni?" Bibi akacheka. "Samaki watakushukuru."

Zawena akafikiri. Kila asubuhi yeye hula yai. Lakini yai litavunjika njiani.

Akatoka nje. Akarudi na kuku.

"Na huyu ni wa lazima!"

Kwa-kwa-kwaaa! Kuku hakukubali.

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mke mwenzangu, na jogoo je? Hukumwalika?"

Zawena akanuna. Mdomo ukatangulia mbele.

Jioni ikafika. Zawena akavaa begi. Hatua moja. Hatua mbili.

Puu! Akaanguka kitako.

Kuku akachomoka, akakimbilia bandani. Zawena hakucheka. Machozi yalimlengalenga.

"Sitaki kubaki," alisema.

"Jaribu tena," alisema Mama. "Jua bado lipo."

Zawena akafungua begi. Akatoa sufuria. Akatoa dumu. Akabakiza blanketi na sweta.

Akasimama. Akazunguka mara moja. Akazunguka mara mbili. Mara ya tatu jasho lilimtoka na pua ikamwasha. Lakini hakutua.

"Nimeweza!"

Baba akapiga makofi. "Sasa zamu ya Bibi."

Bibi akainua begi lake. Begi halikuinuka. Akavuta. Halikuinuka.

Zawena akachungulia ndani. Aliona khanga tano. Aliona sufuria mbili. Aliona mbuzi ya kukunia nazi, kigoda kizima na meno yake ya chuma!

"Wali bila nazi haupiti kooni," alisema Bibi, akitazama pembeni. "Hii ni ya lazima."

Zawena alicheka mpaka tumbo likamuuma. "Mke mwenzangu! Shangazi anakusubiri!"

Bibi naye akacheka. Akaitoa mbuzi yake polepole, akaipapasa, akaiaga. Kisha akazunguka nyumba mara tatu, akihema.

Usiku Mama alikuja kumfunika Zawena. Alimkuta amelala kifudifudi, begi mgongoni.

Mama akajaribu kulivua.

"Acha, Mama," alisema Zawena, macho ameyafumba. "Niko njiani."