Kitako cha Olonka

Kila siku masomo yalipokwisha, Pokuaa alivua viatu vyake vyeusi, akavaa ndala na kwenda moja kwa moja soko la Asafo, pale Kumasi, kumsaidia mama yake kuuza maharage. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mkono mwepesi wa kupima. Alijua kuijaza olonka, lile kopo kubwa linalotumiwa na wauzaji wote, mpaka ifanye kilima juu, kisha akatupia konzi moja ya nyongeza kabla mteja hajaidai. Asafo, mteja asiyepewa nyongeza hanyamazi.

Wiki ile, hata hivyo, mikono ilipima lakini moyo haukuwa sokoni. Dada yake Dufie, mwalimu wa hesabu huko Bolgatanga, alikuwa ameomba nafasi katika vyuo viwili vya biashara, na majibu yalifika katika sanduku la posta la mama. Jumapili Dufie alipiga simu. Mtandao ulikuwa unakatikakatika, basi akamwomba mdogo wake amsomee barua zote mbili haraka.

Pokuaa alisoma. Chuo cha Kumasi kingemlipia nusu ya ada kwa mihula yote minne. Barua ya Accra ilikuwa na herufi za dhahabu: hongera, umepata ufadhili kamili. Hiyo aliisoma kwa mbwembwe, kama mtangazaji wa redio. Kisha akageuza karatasi. Nyuma, kwa herufi ndogo kama sisimizi, waliandika kwamba ufadhili huo ni wa muhula wa kwanza tu. Baada ya hapo wangeendelea nao wanafunzi watatu bora, na wengine wote wangejilipia.

"Ndiyo mwisho?" Dufie aliuliza.

"Ndiyo mwisho wa ukurasa," Pokuaa alijibu.

Alikuwa na sababu zake. Dufie akisoma Kumasi angerudi nyumbani, na kitanda cha dirishani, anacholalia Pokuaa sasa, kingekuwa cha Dufie tena. Akisoma Accra, Pokuaa angekwenda kumtembelea likizo, na jambo hilo alikwisha kulitangaza kwa darasa zima. Dufie alicheka kwa furaha kwenye simu, akamwambia ahsante. Akasema Ijumaa atapeleka barua ya kuacha kazi, kisha atawapigia watu wa Kumasi awaambie wampe mwingine nafasi yake. Pokuaa alijiambia kwamba hajadanganya. Kila neno alilosoma lilikuwamo baruani.

Alhamisi alasiri, Nana Yeboaa, malkia wa wauza maharage, yaani kiongozi wao pale sokoni, alipita kukagua vipimo. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua olonka ya kila muuzaji, akaipindua, akagonga kitako chake kwa kifundo cha kidole. Ya mama Pokuaa ililia vizuri, akairudisha. Ya jirani yao, Mama Asabea, ililia vibaya. Nana aliingiza mkono ndani, na watu wote wakaona: kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani kiasi cha vidole viwili.

Pokuaa alipandwa na hasira. Aliwakumbuka wateja wote waliotoka pale wakishukuru: yule bibi anayepikia wajukuu sita, yule fundi viatu mwenye mguu mmoja. Akasema kwa sauti, bila kuulizwa, kwamba huo ni wizi mtupu na kwamba mtu wa namna hiyo afukuzwe sokoni leo hii.

Mama Asabea hakuona haya hata kidogo. "Nimemwibia nani?" aliuliza. "Nimejaza juu mpaka ikamwagika, mteja akiangalia kwa macho yake. Nani aliniuliza habari za kitako?"

"Hukuulizwa kwa sababu walikuamini," Nana Yeboaa alisema. "Unajaza juu, unaficha chini. Huo ndio uongo mbaya kuliko wote, maana mtu anabebeshwa hasara huku anakuambia ahsante."

Aliomba msumari, akaitoboa ile olonka mbele ya watu ili isipime tena. Soko likashangilia. Pokuaa peke yake hakushangilia. Uso ulimwaka moto. Nyani haoni kundule, na yeye alikuwa amepiga kelele kuliko wote. Dufie naye alikuwa amemwambia ahsante.

Alimvuta mama yake kando, nyuma ya magunia, akamweleza yote. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumpiga. Pokuaa angependelea apigwe. Mama alimpa simu tu, akamwambia, "Mimi sisemi kwa niaba yako. Ulimsomea wewe, mmalizie wewe."

Simu ilikatika mara tatu. Ya nne iliposhika, Pokuaa alisoma nyuma ya barua neno kwa neno.

"Pokuaa, kesho ningeacha kazi," Dufie alisema. "Ningeacha kazi na kile chuo kingine, mdogo wangu. Halafu?"

Pokuaa alilia, akaomba radhi, na Dufie akamwambia watayazungumza wakionana.

Kesho yake Dufie aliwapigia watu wa Accra, akawauliza kwa nini jambo kubwa hivyo wameliandika mgongoni. Karani alimjibu kwamba mbona wengine hawaulizi. Dufie aliwaka kwelikweli. Alimwambia karani kwamba anafundisha watoto wa miaka kumi, na hata wao wanajua muhula mmoja kati ya minne hauitwi kamili. Akakata simu, akawapigia Kumasi, akakubali nusu yao. Ilikuwa nusu, lakini ilifika mpaka chini.

Dufie alirudi nyumbani muhula ulipokaribia, akakitwaa kitanda cha dirishani. Pokuaa alihamia mkekani na hakulalamika, au alilalamika kidogo tu. Jumamosi ya kwanza wote watatu walikuwa kibandani. Mama aliishika olonka, akaipindua mbele ya Pokuaa.

"Mwanangu, ukweli nao una kitako," alisema. "Usiponiambia yote, umenipunja, hata kama kila ulichosema ni kweli. Na anayekupa kitu, hata akutajie kwa herufi za dhahabu, kipindue kwanza ukigonge kitako. Lakini anza na ukweli wako."

Alimkabidhi kopo. Pokuaa aligonga kitako kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, ndipo akamgeukia mteja wa kwanza.